Viazi Juu ya Kaburi la Mama Yangu

Akinyi mwanangu,

Sitakuuliza hali. Hali yako naijua: asubuhi umekataa chai, ukavaa viatu ukiwa umesimama, ukapanda pikipiki kwenda Homa Bay bila kuniangalia. Umesema unaenda kurudisha funguo za ofisi na kumuaga shangazi yako Atieno. Mimi nikajibu "sawa" kama mtu anayemjibu mteja. Ukirudi jioni nitakuuliza kama barabara ilikuwa na vumbi, utasema ilikuwa nalo, na kesho alfajiri gari litakuja kukuchukua uanze safari ya Ujerumani, na sisi wawili tutakuwa hatujasema kitu. Ndiyo maana nimefunga mlango mchana huu nikatafuta karatasi.

Jana uliniuliza swali. Ulikuwa unaosha vyombo, mikono imejaa povu, na mimi nilikuwa nimetoka kukohoa kile kikohozi changu kirefu. Ukasema, "Baba, ukiniambia nibaki, nitabaki. Nitaendesha mashine, wewe upumzike. Hiyo shule inaweza kungoja." Haiwezi kungoja, na sote wawili tunajua. Nafasi kama hiyo hupewa mtu mwingine kabla hujamaliza kuikataa. Nilitoka nje nikajifanya naangalia ng'ombe, na ng'ombe wenyewe walikuwa wamelala. Leo lazima nikujibu, na mdomo wangu ninavyoujua kwa kukwama, nimeona heri kalamu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokulea. Watu wa hapa Magunga walinicheka sana: Mjaluo mzima, nyumbani kwako mnaongea Kiswahili kama mko sokoni. Lakini mama yako Boke alikuwa Mkurya, tulikutana Migori akiuza ndizi, na mimi Kikurya sikujua hata cha kuombea maji. Yeye Kijaluo alijua cha kupandishia bei tu. Tukapendana kwa Kiswahili kibovu. Hata baadaye, kila mmoja alipojifunza lugha ya mwenzake, mambo mazito tulirudi kuyasema kwa kile kile kibovu chetu. Hili nalo ni zito.

Mambo ya sweta na dawa na kupiga simu ukifika, hayo shangazi yako atakuwa amekuimbia kutwa nzima. Mimi nataka kukwambia kwa nini sikuwepo. Unajua nilikuwa Osiri kwenye machimbo ya dhahabu, kila mtu anajua, lakini hatujawahi kukaa nikakueleza kilichonipeleka huko. Nawe unaenda kusomea jambo lile lile: pesa na maendeleo, nani akopeshwe, nchi kama zetu zinakuaje. Juzi uliniambia wataalamu wamebishana miaka na miaka, je, benki zikikua ndipo uchumi hukua, au uchumi ukikua ndipo benki huja zenyewe? Nikacheka, nikasema hao wataalamu wana muda mwingi. Nilicheka vibaya, nisamehe. Tangu siku hiyo swali lako limenikaa kifuani, kwa sababu naona ni maisha yangu hayo wanayoyabishania.

Ulipozaliwa nilikuwa na wazo moja, na lilikuwa zuri. Wakati ule hapa kwetu hapakuwa na mashine ya kusaga. Mama yako alikuwa anabeba mahindi kichwani na wewe mgongoni, anatoka asubuhi anarudi jua limeinama. Wanawake wote walikuwa hivyo. Siku ya kusaga ilikuwa siku imekufa, hakuna kulima, hakuna kuuza. Nikasema mimi nitaleta mashine. Pesa sikuwa nayo, lakini shamba nilikuwa nalo, na hati ilikuwa kwa jina langu, jambo ambalo wenzangu wengi hawakuwa nalo maana hati zao bado zina majina ya mababu. Nikavaa shati la kanisani nikaenda benki kule Homa Bay.

Walinisikiliza vizuri, wakasema watatuma mtu aje akague shamba. Na hapa ndipo penye ile hadithi ya viazi, ambayo wewe huicheka hadi unashika mbavu. Leo isome bila kucheka, ukiweza. Mtu mmoja wa sokoni alinionya: wakiona kaburi, hawakupi. Huku kwetu hakuna mtu atakayenunua shamba lenye kaburi la wenyewe. Utalala vipi hapo, na mwenyewe amelala mbele ya nyumba? Benki zilishajua kwamba zikishika shamba la Mjaluo zimeshika kitu zisichoweza kukiuza. Na mbele ya nyumba yetu alikuwa amelala mama yangu, dani yako, udongo wake ukiwa bado haujashuka sawasawa.

Nikachukua jembe. Nikalisawazisha lile tuta, nikapanda marando ya viazi vitamu juu yake, nikawa nayamwagilia kila jioni. Mama yako akanitazama kutoka mlangoni, wewe ukinyonya.

"Unamfunika mama yako viazi kwa sababu ya pesa?"

Nikamwambia, "Si pesa, Boke. Ni mashine."

Akasema, "Haya," akaingia ndani. Hiyo "haya" ya mama yako unaikumbuka ilivyokuwa.

Mkaguzi akaja, kijana wa viatu vya kung'aa, na kwa bahati yangu mbaya naye alikuwa Mjaluo. Alizunguka shamba lote akiandika andika, mpaka akafika kwenye viazi. Shamba zima lilikuwa limekauka kwa jua, isipokuwa hapo tu, kijani kibichi, urefu wa mtu. Akasimama. Akavua kofia.

"Mzee," akasema, "viazi vyako vimelala kama mtu."

Mimi nilikuwa bado kijana na ananiita mzee. Akaniambia kwa upole, kwa lugha yetu, kwamba akiandika hakuna kaburi atakuwa amedanganya, na akiandika lipo sitapata. "Pole, omera," akasema, kama ndugu anavyomwambia ndugu, akaenda zake. Vile viazi vilizaa kuliko viazi vyote nilivyowahi kupanda, na hakuna mtu aliyevila. Vilioza pale pale ardhini. Mama yako hakunigombeza. Alingoja vioze, kisha akapiga magoti akalirudisha lile tuta kwa mikono yake, kidogo kidogo, akimtengenezea mama mkwe wake kitanda upya. Mimi nilikaa ndani nikisikia mikono yake ikipiga udongo.

Huwa naisimulia hadithi hii nikicheka, ndiyo maana na wewe unacheka. Lakini wiki ile ile nilifunga nguo nikaenda Osiri. Hiyo sehemu huwa naiacha.

Sikwenda kutafuta utajiri, Akinyi. Nilikwenda kutafuta bei ya mashine, na nikadhani ni msimu mmoja. Kule mashimoni hakuna cha benki wala hati. Kuna mnunuzi. Mnunuzi anakupa pesa ya mafuta ya pampu, mbao za kuzuia shimo lisikuangukie, na unga wa wiki. Haandiki popote. Lakini mawe yako yakisagwa na dhahabu ikionekana, unamuuzia yeye peke yake, kwa bei anayotaja yeye. Ukikosa, anakupa tena, na unazidi kuwa wake. Nilimchukia yule mtu, na bila yeye nisingekula. Huko uendako watakwambia watu kama yeye ni wanyonyaji, na ni kweli kabisa. Ila na wewe uwaulize ni nani mwingine alikuwa amefika pale kutukopesha.

Msimu ukawa mwaka, mwaka ukazaa miaka. Nilikuwa narudi Krismasi, na kukiwa na matanga. Sijui ni jino lipi uliota kwanza. Siku ya kwanza ya shule nasikia ulishikilia mlingoti wa bendera ukalia mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini. Nasikia tu, sikuwepo. Mwaka mmoja nikakuletea gauni la manjano, nilizunguka soko lote la Migori kulitafuta, na lilipofika halikuingia hata kichwani. Akilini mwangu ulikuwa bado ni yule wa mwaka uliopita. Tukakaa kula, ukawa unanitazama, kisha ukamuuliza mama yako kwa sauti, na mimi nipo hapo hapo na ugali mkononi: "Mama, huyu mgeni ataondoka lini?"

Mama yako alikupiga kofi dogo. Hakupaswa kukupiga. Ulikuwa umeuliza sawasawa. Nilitoka nje nikasema naenda haja, nikakaa huko mpaka ugali ukapoa.

Kilichonirudisha nyumbani si dhahabu. Ni mtu mmoja wa Migori mjini, Mzee Hassan, mtu wa pwani aliyekuwa na duka la mashine na vipuri. Nilikuwa nikinunua kwake mipira ya pampu. Siku moja akaniuliza mbona kila nikija nasimama mbele ya ile mashine ya kusaga kama mtu anayemchungulia mchumba. Nikamwambia yote, mpaka viazi. Hakucheka hata kidogo. Akasema, "Nataka nipaone." Nikasema moyoni, haya, mkaguzi mwingine huyo.

Akanipakia kwenye gari lake mpaka Magunga, na tulipofika hakuuliza mpaka wa shamba uko wapi. Aliketi juu ya jiwe kando ya njia, akawa anasalimia wanawake wanaopita na mahindi. "Mama, hujambo? Unasagia wapi? Utarudi saa ngapi? Na ungesagia hapa ungefanya nini na huo mchana?" Mama Pamela, jirani yetu huyu huyu unayemjua, akatua beseni akamjibu, "Wewe unauliza maswali kama serikali. Utatuletea mashine ama unatuchosha tu shingo?" Mzee Hassan alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akatembea hadi mbele ya nyumba, akasimama kando ya kaburi la mama yangu, akanong'ona dua ya kwao. Akageuka akaniambia, "Chukua mashine. Tutapatana bei, utalipa polepole ukishaanza kusaga, na sitaongeza hata senti juu yake. Riba dini yangu hairuhusu."

Nikamuuliza atashika nini changu. Akanishangaa.

"Nishike nini? Njia si nimeiona?"

Nililia mbele ya mgeni, Akinyi, na mbele ya mke wangu. Nilimlipa mpaka akaridhika, na alipofariki nilikwenda Migori nikasimama nyuma ya watu wake nikimwombea kwa maneno yangu.

Mashine ilipoanza kunguruma ulikuwa bado hujanizoea. Ulikuwa unaziba masikio na kukimbilia jikoni. Lakini nilikuwa nyumbani, na siku moja ukaja ukasimama mlangoni, mimi mweupe kwa unga toka kichwani hadi miguuni, ukaanza kucheka. Toka hapo nilikuwa na mtoto. Na wanawake wakawa na mchana wao. Mama Pamela akaanza kukaanga mandazi kando ya mashine, mwingine akaweka dagaa wa omena, wakaunda chama, mtu akafungua duka la kutuma pesa kwa simu, na mwishowe wakala wa benki naye akaja na kibanda chake, mlango kwa mlango na mimi. Nilimtazama akibandika tangazo nikacheka peke yangu. Kwa hivyo ukiniuliza kilichotangulia, nitasema kwetu kazi ilitangulia, pesa ikaja ikifuata harufu. Halafu namkumbuka Mzee Hassan, na najua hiyo kazi isingeanza kama mtu mmoja asingekubali kuingoja pesa yake. Basi sijui. Waambie walimu wako baba yako amejaribu akashindwa.

Usidhani niliamka na akili baada ya hapo. Benki ilinijia yenyewe, safari hii na tabasamu. "Mzee, tumeona pesa inavyopita kwenye simu yako, tungependa ukue." Lahaula! Hilo neno "ukue" lilinipanda kichwani kama chang'aa. Shamba hawakulitaja tena, simu ilitosha. Nikachukua mkopo nikaweka mashine ya pili kule upande wa mbuga ya Ruma. Mama yako akaniambia, "Mahindi ni yale yale, Baba Akinyi." Sikumsikia. Mimi nilitaka mtu anieleze kwa maneno marefu.

Na kweli mahindi yalikuwa yale yale. Wateja wangu waligawanyika, wengine huku, wengine kule, mafuta nikawa nanunua ya mashine mbili, halafu mvua ikakataa. Pesa iliongezeka mikononi mwangu lakini hakuna gunia hata moja lililoongezeka shambani kwa mtu. Umeona vijana wetu wa pikipiki za mkopo. Zilipoanza kuja zilileta uhai, mgonjwa anafika hospitali, samaki anafika sokoni hajaharibika. Sasa kila kijana amepewa, wamejaa pale kituoni wanamvuta abiria mmoja mkono huku na huku, na wote wanalipa. Aliyewakopesha angekaa kwenye jiwe hata nusu siku angeona abiria ni wangapi.

Kulipa ule mkopo niliuza ile mashine ya pili, kisha ng'ombe. Mmoja alikuwa wa mama yako, yule mwenye doa usoni, mzao wa ng'ombe aliyeletwa na kaka zake kutoka Kuria ulipozaliwa. Kwa Mkurya ng'ombe si akiba tu, ni mtu wa nyumbani. Alimsindikiza mpaka barabarani akimkuna shingo. Akarudi akapika, akanipakulia, lakini kwa muda mrefu sana hakuniita Baba Akinyi. Aliniita "wewe." Wewe, chakula hiki. Wewe, kuna mgeni. Hata alipoanza kuugua aliniita hivyo. Mpaka siku ile tukiwa naye hospitali ya Homa Bay, wewe umetoka kununua maji, akafungua macho akasema, "Baba Akinyi, umechoka, enda ulale kidogo." Nilikuwa nimechoka kweli. Sikwenda kulala, nilikaa pale pale nikisubiri aniite tena.

Sasa na yeye amelala hapo mbele ya nyumba, kando ya mama mkwe wake. Kwa benki shamba hili halina thamani yoyote tena, na mimi sitapanda kitu juu ya mtu.

Huko mbele utakuwa mtu wa kukaa upande ule mwingine wa meza, najua, hata kama unasema unasoma tu. Atakuja mtu amevaa shati la kanisani. Pengine atakuwa amekuficha kitu, na utakigundua, kwa sababu sisi hatujui kuficha. Yule kijana wa viatu vya kung'aa hakuwa mtu mbaya, alivua kofia. Ila hakuniuliza mashine ni ya nini. Hilo tu ndilo nililotaka aniulize, na angeuliza tungeongea mpaka jioni, na labda angerudi kwa wakubwa wake na kitu cha kusema.

Nikuambie sasa kuhusu jana. Nilishafungua mdomo kusema "baki." Nataka ubaki. Nataka kila Jumamosi nisikie unaingia kutoka Homa Bay na samaki wa shangazi yako na gazeti la jana, unanisomea bei za vitu huku unazikasirikia kama mimi ndiye niliyezipandisha. Nimekupata ukiwa mkubwa, Akinyi. Watu wengine huanza na mtoto mchanga, mimi nilianza na msichana mwenye meno yote na maoni, na nikawa namjua polepole, na sasa ninapomjua anapanda ndege. Nina hamu nawe na bado hujaondoka. Nguo zako ziko kwenye kamba hapo nje na tayari zinaniumiza.

Na ningekuweza. Nisingehitaji hata kusema. Daktari aliniambia mbele yako kwamba vumbi la mawe limekaa kwenye mapafu na unga unaongezea, kwa hivyo ningekohoa tu kwa nguvu kidogo leo jioni, ukiwa unapanga sanduku, na ungelipangua tena. Benki ilitaka kushika shamba langu, mnunuzi wa Osiri alishika mawe yangu, na mimi ningekushika wewe kwa kikohozi, na ungekuwa unalipa bila kujua utamaliza lini. Nimelifikiria hilo tangu jana na limenitia aibu.

Kuna jambo lingine. Siku ile uliponipangia vikombe, hiki Magunga, hiki Homa Bay, hiki Nairobi, ukamimina chai kutoka kile kidogo kwenda kile kikubwa, ukasema akiba hukusanywa hapa ikakopeshwa pale penye faida kubwa. Nikakuuliza, "Na inarudi lini kwenye hiki kidogo?" Ukakishika kile kikombe kitupu kwa mikono miwili. Ukasema, "Hiyo ndiyo naenda kusoma, Baba." Nimekuona ukifurahi mara nyingi, lakini uso ule sikuwa nimeuona. Nilikuwa na uso kama huo nikienda Homa Bay na shati langu. Sitakuwa mimi wa kuufuta.

Basi jibu langu ni hili. Nenda. Usikate tiketi ya kurudi kichwani mwako kabla hujafika, na usikae huko ukihesabu kikohozi changu kwenye simu.

Mashine imepata mtu. Ulipoondoka asubuhi nilikwenda kwa Mama Pamela, nikamuuliza kama yeye na wenzake wa chama wanaweza kuiendesha, tugawane. Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza. Akaniangalia kutoka chini ya kitambaa chake akasema, "Si tulikuwa tunangoja uombe. Kwani miaka hii yote ulifikiri ni wewe unaendesha?" Kesho ukishaondoka wanaanza. Mimi nimepigwa marufuku kuingia ndani, nitakaa nje kwenye hewa kama mgeni rasmi. Amepita hapa sasa hivi dirishani, akaniona na karatasi, akasema binti anarudi jioni na mzee anaandika kama karani, mmekosana na midomo yenu?

Na wale wa kanisani waliokuchangia Jumapili, waliosema "usome haraka urudi ututoe," wapende lakini usiwabebe. Mama mmoja alitoa mayai kwa sababu hakuwa na noti. Hakukukopesha. Alikupa, kwa sababu alikuona ukikua akafurahi. Ukirudi, tutachinja. Usiporudi, nitaumia sana, sitakudanganya kwamba sitaumia, na nitakuwa baba yako vile vile.

Nilitaka kuandika mengine. Nilitaka kukwambia kuhusu jina lako la pili, ambalo mama yako alilichagua na mimi nikapinga, na kuhusu siku uliyofaulu mtihani nikaenda kumwambia pale alipolala mbele ya nyumba kama mtu aliyerukwa na akili. Lakini nasikia pikipiki inapanda kutoka barabarani. Ni wewe. Unabishana na mwenye pikipiki kuhusu nauli, na unamshinda. Sasa unamuuliza Mama Pamela kama nimekula.

Karatasi hii nitaiweka chini ya sweta zako, utaikuta huko. Mimi nimeshakuandikia vya kutosha kichwani mwangu nikiwa mbali, miaka yote ile ya Osiri, na leo uko hapa uani unavua viatu. Naja nje nikujibu kwa mdomo.

Baba yako